Hatua Sitini na Saba

4 Februari

Kwako Kitindamimba,

Naamini barua hii inakukuta umesimama, kwa kuwa uliniambia dukani kwenu kiti ni cha mteja. Mimi sijambo. Nyumba haijambo. Majani ndiyo mazima kutuzidi sote, na hayo ndiyo yaliyonikalisha mezani.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kuulizana hali, na hali huulizwa ili ijibiwe "nzuri". Jambo lenye vipimo huandikwa. Miaka arobaini nimepima viwanja vya watu na kulala kambini, na nyinyi wawili nimewalea nusu kwa mkono, nusu kwa barua. Siwezi kuanza ustaarabu mpya leo.

Jambo lenyewe ni hili. Jirani yetu mshonaji, ambaye macho yake huona tundu la sindano na pia kila kinachoota upande wangu wa ua, amemwambia kaka yako kwamba majani yamefika magotini. Ni kweli. Na kaka yako unamjua. Tangu wampe ualimu mkuu, kila mtu kwake ni mwanafunzi. Anasema atakuja tarehe kumi na tano Machi, na akikuta pori ananihamishia kwake. Hakuomba, ametangaza. Kwake ni ghorofa ya nne, mwanangu. Ardhi yote iko chini. Nitapima nini kule, kochi mpaka choo?

Kwa hiyo nataka mashine ya kukatia majani, ile ya betri. Ya waya haifai, waya hautafika getini. Ya petroli nayo ina kamba ya kuvuta utadhani unamtoa mbuzi shimoni. Kumwajiri mtu sitaki. Siku nitakayokaa dirishani nikimtazama mwingine akifyeka ua wangu, kaka yako atakuwa ameshashinda. Wewe ndiye unayeziuza mashine hizi, nichagulie.

Swali langu ni moja tu: ipi inashikika kwa mkono mmoja?

Baba yako,
Mpimaji (mstaafu, si mchovu)


9 Februari

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma stoo nikiwa nimeegemea makatoni, nikacheka peke yangu hadi mwenzangu wa kaunta akaja kuchungulia. Kaka kweli alizaliwa na kengele mkononi.

Sasa nisikilize kama mteja. Kila anayeingia hapa kutafuta mashine ya majani huwa ameshaipenda moja kwa rangi yake. Mimi humrudisha nyuma kwa maswali matatu. Eneo lina ukubwa gani? Majani ni ya namna gani? Nani atakayeishika? Hilo la tatu watu hulidharau. Wiki iliyopita mama mmoja alichukua ile kubwa kuliko zote, zawadi ya mumewe. Juzi kairudisha. Kumbe anayefyeka nyumbani ni yeye mwenyewe, na bega limemvimba. Mashine haimjui aliyeichagua, inamjua anayeibeba.

Ukubwa wa eneo ndio unaoamua betri. Ikijaa, hufanya kazi dakika ishirini au thelathini, kisha inalala kwenye chaja saa nzima. Kwa hiyo nahitaji vipimo. Mlango wa jikoni hadi getini naujua, hatua arobaini. Nilizifuata sana nikiwa mdogo, wewe mbele unahesabu, mimi nyuma naruka kutoka unyayo wako mmoja hadi mwingine mpaka magoti yanachubuka. Lakini ukuta wa nyuma na kingo za bustani ya marehemu Mama sijawahi kuzihesabu. Nipimie zote, uniandikie.

Kuhusu mkono mmoja, hakuna, Baba. Zote zinataka mikono miwili, vinginevyo zinakukimbia. Na huo mkono mwingine utakuwa umeshika nini, kikombe cha chai?

Usisahau swali la tatu.

Kitindamimba wako


14 Februari

Mwanangu,

Vipimo hivi hapa. Nimepima jana, kwenda na kurudi kama inavyotakiwa. Kazi imekula asubuhi nzima, maana jua lilikuwa kali na nilipumzika mara mbili.

Mlango wa jikoni hadi getini: hatua 67.
Ukuta wa nyuma: 52.
Kingo za bustani ya mama yenu, kuzunguka: 38.

Majani mengi ni laini, yanalala ukiyapuliza. Ukutani ndiko kuna magugu yenye shina nene kama kalamu ya risasi. Chagua ukijua hivyo.

Swali la tatu nimeliona. Hilo ni swali la dukani, nitalijibu siku nikija dukani.

Kaka yako kapiga simu tena kuuliza kama napendelea chumba cha mbele au cha nyuma. Nimemwambia napendelea cha chini.

Baba yako,
Mpimaji


19 Februari

Shikamoo Baba,

Asante kwa vipimo. Zimebaki mashine tatu za kuchagua.

Kubwa ina uzito wa kilo tano na nusu, ina mkanda wa begani, na inakata hata kichaka. Ya kati ni kilo tatu na robo. Mpini wake unarefuka na kufupika, na inakuja na betri mbili. Ndogo ni kilo mbili na kidogo. Chini ya kichwa ina kigurudumu kinachotembea juu ya ardhi, na inakata kwa uzi mwembamba, kwa hiyo magugu ya ukutani itayakonyeza tu na kuyapita. Kwa mkono wako ninaoujua mimi, ningesema ya kati. Hata kubwa utaimudu.

Fikiria, kisha uniandikie. Halafu Baba, hivi Mama alizaliwa mwezi gani? Kuna fomu najaza hapa, nimesahau.

Kitindamimba wako


19 Februari

Shikamoo Kaka,

Nimetoka kumwandikia Baba barua ya kicheko, na sasa nakuandikia hii ya kweli. Isome peke yako.

Baba ameandika kwamba kutoka mlango wa jikoni hadi getini ni hatua sitini na saba. Wewe na mimi tunajua ni arobaini. Hatua zake kumi ni mita nane, na ofisini walimwita Utepe kwa sababu hakuwahi kukosea. Hiyo arobaini alitufundishia kuhesabu. Mwandiko wake ni ule ule, umenyooka kama umepigiwa rula, na hicho ndicho kinachonitisha. Kama mkono uko sawa, basi kilichopotea kiko kichwani. Aliuliza pia kama ipo mashine ya kushikwa kwa mkono mmoja, na akasema atakuja dukani kwetu. Dukani kwetu, Kaka, safari ya siku mbili! Nimemuuliza mwezi aliozaliwa Mama, nione atajibu nini.

Sitaki ahamishwe. Anaipenda ile ardhi kuliko anavyotupenda sisi, na sisi anatupenda sana. Lakini kama akili inamtoka, peke yake hawezi kubaki. Naogopa. Tafadhali usimwambie kama nimekuandikia.

Mdogo wako


24 Februari

Kwa Baba,

YAH: KUHAMIA KWANGU

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mdogo wangu amenijulisha kuhusu vipimo ulivyomtumia, ambavyo haviendani na ukweli unaofahamika. Jambo hili si la majani tena. Nimepata daktari anayeshughulikia kumbukumbu za wazee, yuko karibu na shule. Kwa hiyo sitakuja tarehe kumi na tano. Nitafika Jumamosi, tarehe nane Machi, na tutaondoka pamoja kesho yake. Tafadhali uwe umetenga nguo utakazohitaji. Begi nitakuja nalo.

Baba, usilichukulie vibaya. Ni kwa sababu tunakupenda.

Mwanao,
Mwalimu


27 Februari

Kwako Kitindamimba,

Mama yako alizaliwa tarehe mbili mwezi wa nane, siku ya Jumatano, na wewe hukuwa na fomu yoyote ya kujaza.

Kaka yako ameniandikia barua yenye kichwa cha habari. Umemwaga mtama penye kuku wengi, mwanangu, na jogoo wa kwanza ni yeye. Mmekula njama, mkahukumu kwamba mzee amechanganyikiwa. Nimekaa na barua hiyo siku mbili. Nilitaka ninyamaze, lakini nikinyamaza mtanichukua kwa kosa ambalo sikulifanya. Basi pokea ukweli. Kichwa changu ni kizima. Mguu ndio mbovu.

Tarehe kumi na moja Januari niliteleza penye bomba la nyuma, nikaangukia nyonga. Mshonaji ndiye aliyesikia. Aliruka ua, sindano ingali mdomoni, akanipeleka hospitali. Wakapiga picha, wakasema mfupa haukuvunjika ila nyonga imechakaa, na hatua yangu ya zamani isitarajiwe tena. Wakanipa fimbo. Mkono mmoja niliokuuliza ndio huo, Kitindamimba. Huu mwingine una fimbo, si kikombe cha chai.

Mshonaji nilimwapisha asiwaambie. Sasa ndiyo naelewa kwa nini alimpigia kaka yako kumsemea majani. Alitaka mmoja wenu aje, na kiapo chake kibaki kizima. Nyinyi mkinipigia simu ya picha mnanikuta nimeshakaa, na fimbo iko nyuma ya mlango.

Kuhusu hiyo sitini na saba. Nilijua ni arobaini, nani ajue kama si mimi? Nilipofika getini na kuitazama namba niliyoibeba kichwani, nilirudi nikihesabu upya. Sitini na saba tena. Nikakaa na kalamu muda mrefu. Ningeandika arobaini, wewe ungetuma mashine, na mambo yangeishia hapo. Lakini tangu niajiriwe sijawahi kuandika kipimo ambacho sikukipima, hata mkubwa wangu aliponiomba kwa upole na baadaye kwa vitisho. Mkono ulikataa. Nikajipa moyo kwamba wewe hutakumbuka. Kumbe ulizirukia zote.

Nimewadanganya kwa kunyamaza, hilo nakiri. Naogopa, mwanangu. Kuanguka nimeshaanguka, siogopi tena. Naogopa kubebwa.

Swali lako la tatu nalijibu sasa. Atakayeishika ni mzee wa hatua sitini na saba, mwenye mkono mmoja na fimbo. Kama dukani kwenu ipo mashine yake, itume kabla ya tarehe nane. Kama haipo, niambie hivyo hivyo.

Baba yako


2 Machi

Baba yangu, shikamoo,

Nimelia stoo kwenye makatoni yale yale niliyochekea. Nisamehe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa ulimi, tena nikaanguka na wewe. Kaka nimeshamwandikia kila kitu, lakini unamjua, ratiba yake akishaitangaza haibadiliki. Anakuja.

Ila na wewe, Baba, umetupaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu Januari. Ungekufa pale bombani tungeambiwa na nani? Nimekasirika na nimekuonea huruma siku hiyo hiyo, nikachoka mapema.

Jana tulipofunga duka nilichukua mpini wa ufagio, nikaushika mkono wa kulia kama fimbo, nikatoka na mashine zote tatu uani. Nilitembea kwa hatua zako za sasa. Kubwa ilinizungusha hadi nikatazama nilikotoka. Ya kati ilinivuta chini kila nilipoinama. Ndogo ilinivumilia, kwa sababu uzito wake unalala juu ya kile kigurudumu. Lakini hata hiyo, mkono mmoja hauitoshi. Uliniomba ukweli, na ukweli ni kwamba mashine unayoitaka haijatengenezwa.

Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukifanya kazi. Hukuwahi kupima ukitembea na darubini begani. Ulikuwa unaisimamisha kituo hadi kituo, ukimaliza kituo kimoja ndipo unahama. Basi nimekuwekea ndani ya mzigo mashine ndogo, betri mbili, miwani ya kukinga macho, mkanda wa begani, na kigoda cha kukunja. Tembea na fimbo yako, mashine ikiwa imezimwa na imening'inia begani. Ukifika, kunjua kigoda, kaa, weka fimbo chini, shika kwa mikono miwili, kata nusu duara mbele yako. Zima, inuka, hamia kituo kinachofuata. Viatu vifunike vidole, na uzi usikaribie mguu wako hata kwa bahati mbaya.

Najua hupendi kukaa. Lakini hapa hukai dirishani, unakaa kazini.

Magugu ya ukutani mwachie Kaka.

Kitindamimba wako


9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nakuandikia kutoka meza ya Baba, yeye yuko nje. Safari hii hakuna kichwa cha habari.

Nilifika jana saa nne asubuhi, mkononi nina begi tupu la kuwekea nguo zake. Niligonga geti, sikujibiwa. Nikasikia mlio kama wa nyigu mkubwa. Kuingia namkuta Baba katikati ya majani, amekaa kwenye kigoda kidogo, miwani usoni, fimbo chini pembeni yake. Mbele yake nusu duara imenyolewa safi, na nyuma yake nusu duara nyingine, na nyingine, zimepangana kama magamba ya samaki mpaka mlango wa jikoni. Alikuwa bado hajafika nusu ya njia. Nikamwamkia. Akaniinulia kidole bila kugeuka: "Subiri, niko kituoni."

Nilisimama nikasubiri, mimi ambaye hungojewa na shule nzima.

Alipozima mashine nilimwambia barua yako niliipata, lakini ningependa kuhakikisha mwenyewe. Hakukasirika. Akanituma ndani nilete utepe wake wa zamani, ule wa chuma. Tukapima mlango hadi geti: mita thelathini na mbili. Kisha akatembea, akihesabu kwa sauti, nami nikitembea kando yake. Sitini na saba. Nilikuwa bado natafuta simu mfukoni nipige hesabu, yeye akasema, "Sentimita arobaini na nane kwa kila hatua, kasoro kidogo." Simu ikasema arobaini na saba, nukta saba sita. Akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, nimefaulu?"

Nilicheka, halafu sikuweza kuendelea kucheka. Kwa miezi miwili huyu mtu amevuka huo uwanja kwa hatua za nusu mita, akichota maji, akifungua geti, na mimi kila Jumapili nilikuwa namuuliza hali, ananijibu "nzuri", nakata simu.

Jioni nikaliweka begi mezani. Akasema, "Ukitaka kunichukua nitakwenda. Nguvu ya kushindana nawe sina. Ila usiseme ni kwa sababu ya kichwa. Andika ulichopima." Nikakaa nikijiuliza nilichopima ni nini hasa. Nilipima mzee mwenye nyonga mbovu na akili kunishinda. Hilo si la kuhamishwa ghorofa ya nne.

Anabaki. Nimempa masharti na amekubali yote isipokuwa moja. Fundi atakuja kuweka bomba la kushikia kutoka mlangoni hadi getini. Mshonaji atakaa na ufunguo. Fimbo haitafichwa tena. Alichokataa ni mimi kumalizia majani. Ameniachia magugu ya ukutani tu, na fyekeo la zamani. Nimeyafyeka yote, pamoja na mche wa mlimau ambao sikuujua. Usimwambie, ingawa nadhani ameuona, maana amenifundisha upya jinsi ya kushika fyekeo.

Begi narudi nalo tupu. Wifi yako akiniuliza Baba yuko wapi, nitamwambia yuko kituoni.

Kaka yako


16 Machi

Kwako Kitindamimba,

Majani yamekwisha. Siku nane, vituo arobaini na kimoja, nimevichora kwenye karatasi nikuoneshe. Betri inadumu dakika ishirini, mimi kumi na tano, kwa hiyo yeye ndiye anayenisubiri. Kigoda nilikichukia siku ya kwanza. Siku ya pili niligundua kwamba ukiwa umekaa chini hivyo unaona mambo ambayo mpimaji aliyesimama hayaoni. Penye bustani ya mama yenu kuna maua madogo meupe yalikuwa yamemezwa na majani. Sikujua kama yamebaki. Nimeyapitia mbali na uzi.

Mshonaji nimemfungua kiapo. Nimejuta. Sasa anawaripoti nyinyi wote wawili kila ninapokohoa.

Mche wa mlimau umeanza kuchipua tena. Mwambie Mwalimu asihangaike.

Leo asubuhi nimepima tena. Mlango wa jikoni hadi getini: hatua 69. Zimeongezeka mbili. Nilitamani zipungue, lakini nimeandika nilichopima. Mwakani huenda zikawa themanini, na ipo siku geti litakuwa mbali mno. Siku hiyo nitakuandikia mwenyewe, namba kama ilivyo, na hutahitaji kuniuliza siku aliyozaliwa mama yako. Kaka yako ataleta begi, nami nitalifunga zipu kwa mkono wangu.

Ukipata likizo, njoo. Tutatoka jikoni asubuhi, mimi mbele nahesabu, wewe nyuma. Kanyaga nilipokanyaga, kama zamani. Safari hii hutahitaji kuruka.

Baba yako,
Mpimaji